Mgeni Katika Chumba cha Wade

Mwaka ule tamasha la ligi nne za mpira wetu, ule wa umbo la yai unaodakwa kwa mikono na kupigwa teke, lilikuwa zamu yetu hapa Karkoola, na kama ilivyo desturi wachezaji wa ligi za wageni waligawiwa kwenye nyumba za watu. Hoteli ya mji wetu ina vyumba vichache na vyote vinanuka bia. Tangu zamani vijana hulala majumbani, wengine kwa mwalimu, wengine kwa mchungaji wa kanisa, na wanaobaki hupelekwa kwenye mabanda ya wakata manyoya ya kondoo. Kila tamasha lilipokuwa kwetu, kaka yangu Ross Liebich na mkewe Glenys walikuwa wakichukua wawili, na wageni wao waliondoka wamenenepa. Safari hii hakuna aliyewaomba. Mtoto wao wa pekee, Wade, alikuwa amefariki Agosti iliyotangulia, na kamati nzima iliona haya hata kuitaja ile nyumba.

Glenys alikwenda mwenyewe. Mimi nilikuwa kantini ya uwanjani nasugua sufuria za supu, nikamwona anaingia na koti la mvua linachuruzika, anamfuata Bev Tschirpig, katibu wa tamasha.

"Bev, kwangu mmemweka nani?"

Bev akakohoa kidogo. "Glenys, mpenzi, tulionelea mwaka huu mpumzike."

"Nimepumzika vya kutosha. Niletee mmoja. Awe mrefu, kitanda chenyewe ni kirefu."

Bev alinitazama mimi, nami nikainamia sufuria. Mimi ni dada yake Ross, nyumba yangu na yao zinatenganishwa na uzio wa kondoo, na wifi yangu namjua. Akishaamua jambo, unaweza kumzungumzisha mpaka jua lizame, habadili nia.

Wade alikufa akitoka kwenye mechi. Timu yake ilikuwa imecheza ugenini, akaoga, akanywa soda na wenzake, akaingia kwenye pikapu yake kurudi nyumbani. Kwenye kona yenye changarawe, karibu kabisa na shamba la jirani, gari likapinduka. Alikuwa na miaka ishirini. Polisi walileta begi lake la mpira jioni ile ile, na Ross akalichukua mikononi mwao kama mtu anayepokea mtoto aliyelala, akaliweka chumbani kwa Wade, akafunga mlango. Tangu hapo chumba kilikuwa cha Ross. Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana aliingia, akakaa kitandani, akatoka, akaenda kwa kondoo wake. Glenys hakuingia. Aliniambia siku moja tukianika nguo, "Nikipita kwenye ule mlango, wifi, napita nimebana pumzi. Ndani ya nyumba yangu mwenyewe."

Basi Ijumaa ya tamasha alikifungua chumba. Alifungua madirisha yote mawili na upepo wa Juni, mwezi wetu wa baridi, ukaingia, akatandika shuka mpya. Picha na vikombe vya Wade aliviacha palepale. Begi alilisukuma chini ya kitanda. Ross hakuwa na habari. Yeye ndiye meneja wa timu yetu ya Ligi ya Nyika, na siku nzima alikuwa uwanjani akihangaika na fulana na bandeji. Aliporudi jioni, mimi nikiwa jikoni kumsaidia wifi kupika, buti zake zimejaa matope, alimkuta mgeni amesimama barazani na begi begani, kijana mrefu kama mlingoti, masikio mekundu kwa baridi.

"Huyu nani?" Ross akauliza.

"Mgeni wetu," Glenys akasema. "Kym Hosking, wa Ligi ya Pwani."

"Atalala wapi?"

"Kitanda kipo."

Ross alitazama ndani kwenye ule ukumbi mwembamba unaoelekea vyumbani. Mlango ulikuwa wazi na taa inawaka. Akavua kofia yake, akamwambia kijana, "Karibu," akaenda kuoga, akakaa huko hata nikadhani maji yameshakuwa barafu. Nilipokuwa naosha viazi nikamsikia amemvuta mkewe kando, nje ya jiko.

"Ungeniuliza."

"Ningekuuliza ungesema hapana."

"Ndiyo. Ningesema hapana."

"Basi," Glenys akasema, akarudi kugeuza nyama.

Chakula kilipoanza ni visu na uma tu vilivyosikika. Yule Kym alikuwa mtu wa haya, lakini njaa haina haya, na alipomaliza sahani ya pili ya kondoo wa kuoka ulimi wake ulilegea. Akasema anafanya kazi bandarini, kwenye maghala ya ngano. Ross akainua macho.

"Ngano ya huku kwetu unaiona?"

"Naiona sana, mzee. Treni ikifika tu najua ni yenu. Ina panya wengi kuliko ngano za ligi zote."

"Panya wetu hawaibi," Ross akasema. "Wanaoiba ni panya wa bandarini. Wale wanaovaa ovaroli."

Kym akacheka mpaka akapaliwa, na Ross naye akacheka. Nilimwangalia Glenys. Alikuwa ameshika jagi la mchuzi, hamimini, anamsikiliza mumewe kama mtu aliyesikia redio iliyokuwa imeharibika ikiimba yenyewe. Ross akaanza kuuliza habari za mizani na unyevu wa ngano, na mkulima gani huwa anaweka mchanga chini ya gunia, na kijana akawa anajibu vizuri, na kwa muda ilikuwa ni nyumba ya watu tena.

Kisha Kym, bila ubaya wowote, akasema, "Na huyu mwenye chumba changu yuko wapi? Picha za mpira zimejaa mpaka darini. Kesho anacheza?"

Ross akaweka uma chini taratibu. "Hachezi," akasema. Akainuka, akachukua kofia, akatoka kwenda kuwaangalia mbwa.

"Ni chumba cha mwanangu," Glenys akasema. "Wade. Alifariki mwaka jana kwa ajali ya gari."

Yale masikio mekundu yakawa meupe. "Mama, hakuna aliyeniambia. Nitalala kwenye basi. Dereva wetu yuko hotelini, atanifungulia."

"Hulali kwenye basi. Shuka ni mpya. Shangazi, mwongezee kijana viazi."

Nikamwongezea. Alivila vile viazi kama dawa.

Jumamosi mvua ilinyesha kutwa. Asubuhi Pwani waliwapiga Milima, mchana sisi Nyika tukawatoa Mto, na kwa hiyo fainali ya Jumapili ikawa yetu na Pwani. Uwanja wetu ukinyeshewa unakuwa udongo mwekundu wa kunata, unashika mguu na hauachii. Kym alirudi nyumbani na njumu moja imeachama, soli imefunguka kutoka kidoleni mpaka kisiginoni. Alikaa mbele ya moto na utepe wa kubandikia, anaizungushia, inafunguka, anaizungushia tena.

"Kanunue nyingine," nikamwambia, halafu nikakumbuka mwenyewe. Duka la vifaa lilifungwa Jumamosi saa sita, na kwa sababu ya sikukuu ya Jumatatu, ya kuzaliwa kwa Malkia, halingefunguliwa mpaka Jumanne.

"Nimewauliza wenzangu wote, shangazi. Mguu wangu ni namba kumi na tatu. Kocha amesema nikikosa viatu nitakaa benchi, kwenye tope lile siwezi kukimbia na raba."

Glenys alikuwa anakunja nguo. Aliitazama miguu ya kijana iliyonyooshwa kwenye moto, soksi zinatoka mvuke. Akaweka shati chini na kutoka. Nilijua anakokwenda, nikamfuata.

Alikuwa amepiga magoti chumbani kwa Wade, begi ameshalivuta. Zipu ilikuwa ngumu. Alipoifungua ikatoka ile harufu ya begi la mpira, jasho na dawa ya kuchua misuli na majani yaliyooza, na kwa sekunde chache Wade alikuwa nasi mle chumbani. Glenys akafumba macho. Kisha akatoa njumu. Zilikuwa vilevile zilivyovuliwa siku ile, udongo wa kijivu umekauka katikati ya meno ya soli, na vipande vya nyasi vimegandia. Kamba zilikuwa za njano. Wade alizipaka rangi mwenyewe, kwa sababu macho ya Ross hayaoni mbali, na kijana alitaka babake amtambue hata akiwa upande wa pili wa uwanja.

"Namba kumi na tatu," Glenys akasema. "Unaonaje, wifi?"

"Muulize Ross."

"Ross yuko klabuni anapanga timu. Na unajua atasema nini."

"Ndiyo maana nasema umuulize."

Alizipakata zile njumu. Halafu akasema, "Huyu mtoto atakaa benchi kesho kwa sababu ya viatu, na viatu viko chini ya kitanda anacholalia. Mimi siwezi, wifi. Siwezi kuvikalia."

Akaenda kwenye chumba cha kufulia, akafungua bomba. Nilisimama mlangoni. Alichukua brashi ile ya kusugulia kola akaanza kisigino, akaenda mbele, maji yakawa ya kijivu, yakazunguka kwenye karo, yakashuka. Alichokonoa katikati ya meno kwa msumari. Hakulia. Alisugua kama anavyosugua kila kitu, sawasawa, mpaka ngozi ikang'aa, akajaza magazeti ndani, akanipa kamba nizikaushe juu ya jiko. Nilizitandaza pale juu, zikawa zinatoa mvuke na harufu ya sabuni.

Kym alipopewa alizishika kwa mikono miwili. "Za nani hizi?" akauliza, ingawa alijua. "Na mzee amekubali?"

"Wewe jaribu kama zinakutosha," Glenys akasema.

Zilimtosha.

Jumapili jua lilitoka, jua la baridi lisilopasha kitu. Magari yalipangwa kuuzunguka uwanja tangu asubuhi, pua zikitazama ndani, watu wamekaa mle na blanketi miguuni na pai za nyama mapajani, mkono mmoja tayari kwenye honi. Goli likiingia upande wako unapiga honi mpaka mwamuzi wa magoli, yule mwenye koti jeupe, amalize kupunga bendera zake mbili. Ross alikuwa kwenye benchi letu na ubao wake wa majina. Glenys hakuwa amemwambia kitu. Usiku alirudi amechoka akalala, asubuhi aliondoka kabla ya watu kuamka. Hivyo ndivyo Glenys alivyoniambia tukikata machungwa kantini.

"Atamwona tu," nikasema.

"Ataona. Labda ni vizuri aone."

Robo ya kwanza, kati ya nne za mchezo, Kym alichezea upande wa mbali. Sisi tulikuwa tunaongoza, na honi zetu zilikuwa zinafukuza ndege. Robo ya pili timu zikabadilishana pande. Mpira ulipigwa juu sana, ukakaa hewani, na yule mrefu akaruka juu ya mabega ya beki wetu akaudaka kwa vidole, akaanguka nao mbele ya benchi letu kabisa. Mtu akidaka hivyo hupewa nafasi ya kupiga bila kusukumwa. Kym akainuka, akarudi nyuma hatua zake, akainama kukaza kamba. Kutoka dirisha la kantini nikamwona Ross anasimama. Ubao ukashuka ukagusa goti lake. Kym akapiga, mpira ukapita katikati ya nguzo mbili kubwa, honi za wageni zikalia, na kaka yangu akabaki amesimama, anaangalia pale kijana alipokuwa ameinama.

Wakati wa mapumziko nilibeba sinia la machungwa kwenda chumba cha wageni. Ross alikuwa ametangulia, yuko mlangoni, na Kym ametoka nje kwake, tope mpaka kiunoni.

"Hizo umezipata wapi?"

"Mama amenipa. Zangu zilikatika. Mzee, nilidhani amekwambia."

Ross alizitazama muda mrefu. Zilikuwa nyekundu kwa tope la uwanja wetu, ila kamba zilionekana.

"Zinakubana?"

"Hapana, mzee. Kama zangu."

"Basi cheza," Ross akasema, akapita karibu yangu bila kuniona, sinia likanipiga tumboni.

Robo ya tatu yule kijana hakuwa tena yule wa mwanzo. Mpira unapita mbele yake anauangalia. Anaukimbilia akifika anapunguza. Wenzake walimpigia kelele, na sisi tukazidi kuongoza. Watu wa kantini walifurahi wakasema mlingoti umepata kutu. Robo ilipokwisha timu zilikusanyika uwanjani, kila moja kwenye duara lake kumsikiliza kocha, na hapo nikaona jambo ambalo sijawahi kuliona tena. Ross aliacha duara letu, akavuka uwanja peke yake na miguu yake mizito, akaenda kwenye duara la wapinzani. Akamshika Kym kiwiko akamtoa pembeni. Hawakuongea hata dakika. Kisha akarudi.

Alichosema nilikuja kukisikia kwa Kym mwenyewe. Alimwambia: "Kijana, unanihurumia. Mwenye njumu hizo hakuwahi kumhurumia mtu uwanjani, hata mimi nikimfundisha nyuma ya banda. Usimtie aibu."

Robo ya mwisho Kym alifunga magoli matatu. La mwisho alilipiga akiwa amebanwa pembeni kabisa, mwili umepinda, na sisi wote tuliomjua Wade tulijua tumewahi kuliona pigo lile. Hakukuwa na muujiza wowote, vijana wote warefu hupiga hivyo wakibanwa. Lakini Glenys alikuwa na kisu cha machungwa mkononi na alikiweka chini. King'ora kikalia, Pwani wametushinda kwa pointi tisa.

Jioni kwenye klabu watu walikunywa na kutaniana kama kawaida. Des Klingner, mwenye gereji, hakuwa anajua habari za njumu. Alimpiga Ross bega akasema, "Ross, yule mgeni wako ulimlisha nini? Mwakani mlete kwangu, nitamlisha mkate mkavu." Wote wakacheka. Ross akatabasamu, akamaliza bia yake, akaweka glasi juu ya kaunta kwa uangalifu, akatoka.

Nilimfuata na gari langu kwa kuwa sikupenda jinsi alivyotoka. Nilipofika kwao sikumkuta ndani. Glenys alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha kufulia, mikono ameifumbata.

"Yuko nyuma," akasema. "Usiende."

Nikaenda. Bomba la maji machafu la chumba kile hutokea ukutani na kumwagia mlimao, Glenys huutunza hivyo wakati wa ukame. Ross alikuwa amechuchumaa chini ya ule mlimao. Jua lilikuwa linazama. Alikuwa anapapasa udongo kwa vidole, anauchukua, anausogeza karibu na macho yake mabovu, anaurudisha. Udongo wa pale ni mwekundu, na ulikuwa umelowa wote.

"Ross, inuka. Kuna baridi."

"Njumu ningempa, dada," akasema bila kugeuka. "Glenys angeniuliza ningekataa, ndiyo, halafu ningelala, asubuhi ningempa. Mimi si mtu wa kumnyima kijana viatu. Lakini udongo ameuosha."

Nikamsogelea.

"Ule ulikuwa udongo wa mechi yake ya mwisho. Wa kijivu. Nilikuwa naushika kila Jumapili. Kidogo tu, kwa kidole, usije ukapukutika." Akajifuta mkono kwenye suruali. "Alikimbia juu yake akiwa mzima."

Glenys alikuwa amekuja, amesimama nyuma yangu. Sijui alisikia kuanzia wapi.

"Sikujua," akasema. "Hukuwahi kuniambia unafanya nini mle ndani. Ulikuwa unafunga mlango."

"Ungeniuliza."

"Ross, ningempaje mgeni viatu vichafu?"

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mwanamke wa nyumbani, na nadhani ndiyo iliyomvunja. Ross alikaa chini kwenye tope akalia kwa sauti. Glenys alikwenda akapiga magoti karibu yake, akamwekea mkono mgongoni, naye hakuutoa mkono ule, lakini hakuuegemea pia. Niliondoka nikawaacha.

Jumatatu asubuhi basi la Pwani lilipita kuchukua watu wake nyumba kwa nyumba. Kym alitoka barazani na njumu zimeoshwa, zimejazwa magazeti, kamba zimefungwa fundo zuri. Maskini, alikuwa ameamka mapema akazisafisha mwenyewe kwenye lile karo, akidhani anafanya heshima. Akamnyooshea Ross.

"Mzee, nashukuru."

Ross hakunyoosha mkono. "Chukua. Sasa ni zako."

"Siwezi, mzee."

"Zimeshakuwa zako," Ross akasema, na hakusema kwa hasira. Glenys alinitazama akiwa na furaha usoni, anadhani mlango umefunguka. Mimi nilikuwa nimekua na Ross, nikajua kwamba umefungwa.

Hawakugombana baada ya hapo, na pengine wangegombana ingekuwa nafuu. Ross aliacha kuingia kwenye kile chumba. Glenys akawa anakifungua madirisha kila asubuhi, akaweka cherehani yake mle, akawa anashona. Mchana walikula pamoja, wakazungumza mvua na bei ya manyoya. Ross alimshukuru kwa kila sahani, kama mtu anavyomshukuru mwenye nyumba. Mavuno yalipokwisha Glenys alikwenda jijini kumsaidia dada yake aliyepasuliwa nyonga. Alikaa mwezi, akarudi, akakaa kidogo, akaenda tena. Siku aliyokwenda na cherehani nilijua harudi. Nilimsaidia kuipakia garini. Nikamuuliza, "Wifi, ni kwa sababu ya zile njumu?"

"Siyo njumu," akasema. "Anaponitazama anaona maji yanashuka kwenye karo. Hanilaumu. Ross si mtu wa kulaumu. Anaona tu. Na mimi nikimwangalia najiona namsugua mwanangu mpaka anaisha."

Ross alikuwa amesimama langoni. Alimfungulia lango, akalifunga alipopita, akainua kofia.

Tamasha lililofuata lilikuwa pwani, kule bandarini. Ross alikuwa ameacha umeneja, akasema ana kondoo wanaozaa. Mimi nilikwenda na akina mama wa kantini. Siku ya pili nikamwona Glenys amesimama peke yake nyuma ya nguzo za goli, upande ambao upepo wa bahari unakuja moja kwa moja. Amekonda ndani ya koti lake la bluu. Alikuwa anamwangalia Kym akicheza. Tulikumbatiana, tukasimama pamoja robo nzima. Kym alipiga mpira ukagonga nguzo, wageni wakapiga honi kwa kejeli.

"Anakula?" Glenys akauliza, macho uwanjani.

"Anakula."

"Nani anampikia?"

"Anajipikia. Nyama ya kuchoma kila siku, na kiazi kimoja. Jumapili anakuja kwangu."

"Mpe mboga. Atakataa, wewe mpe." Akacheka kidogo, halafu akaufunika mdomo kwa kiganja na kukaa hivyo mpaka king'ora kilipolia. Basi lake la kurudi jijini lilikuwa linaondoka mapema, nikamsindikiza mpaka kituoni.

Nilirudi Karkoola kesho yake. Ross alikuwa zizini, ameshika mwanakondoo kwapani, anamnywesha maziwa kwa chupa. Aliniuliza nani ameshinda nikamwambia ni Mto. Akauliza vijana wetu walicheza vipi, nikamwambia hovyo. Mwanakondoo akamaliza chupa. Sikumwambia nimemwona nani, na yeye hakuuliza. Nilikuwa nimeshafika langoni aliponiita.

"Dada. Kule bandarini kuna upepo mbaya," akasema. "Alikuwa na koti?"

Nikamwambia alikuwa nalo, lile la bluu.

"Vizuri," akasema, akamweka mwanakondoo chini, akaenda kumtafutia mama yake.